Kokwa Nilizoziweka Kwenye Friji

Mti wenyewe haukuwahi kunipita kifua, na mimi si mrefu. Nasema hivyo kwa sababu jamaa waliosikia habari hii kwa mbali, wakija nyumbani kwetu Ghubra, hapa Muscat, hutupa macho huku na huko uani kama wanatafuta mahali palipotokea jambo kubwa. Hawaoni kitu. Pana vigae, kamba ya nguo, na ukuta wa jirani.

Mbegu aliileta ndugu yangu mdogo. Yeye anaishi Marekani, kwenye jimbo la kusini lenye joto na mvua nyingi. Alikwenda huko kusoma akiwa na miaka ishirini, akaoa, akabaki. Baba yetu alipofariki alikuja, akakaa nasi wiki mbili. Hitima ilipokwisha na watu kutawanyika, nilimkuta chumbani anafungua begi lake, akatoa soksi iliyofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na kokwa tatu za rangi ya kahawia, zimeviringika, zinang'aa kama zilizopakwa mafuta, na kila moja ina doa jeupe upande mmoja.

"Za nini hizi?" nilimuuliza.

"Za mti ulio mbele ya nyumba yangu. Ni mti mdogo wa mapambo, hauwi mkubwa. Unatoa maua mekundu. Kule jina lake maana yake jicho la paa, kwa ajili ya hili doa." Akanitilia mkononi. Zilikuwa baridi na laini. "Nilitaka nimletee Baba. Alikuwa kila siku akiniuliza kwangu kuna miti gani."

Baba alikuwa amekwisha kuzikwa saa kumi na tano kabla ndege yake haijatua. Nikauliza kama zinaliwa.

"Haziliwi kabisa, ni sumu," alisema. "Mbegu, majani, vyote. Kule watoto hufundishwa mapema wasiziguse."

Nakumbuka maneno hayo kama yalivyo, na nakumbuka kwamba Mama hakuwapo chumbani. Alikuwa ndani kwake, amekaa eda.

Sikuwahi kuotesha kitu zaidi ya mrehani na nanaa. Nafanya kazi katika ofisi ya serikali, natoka nyumbani saa moja asubuhi, narudi saa tisa kasorobo, na mikono yangu inajua karatasi zaidi kuliko udongo. Lakini nilizipanda zile kokwa tatu katika vyungu vitatu virefu, kwa sababu ndugu yangu alisema mzizi wake hushuka chini kwanza kabla mti haujainua kichwa. Ikawa kweli. Mwezi mzima niliona udongo mtupu. Siku moja nilichimba kidogo kwa kidole nikakuta mzizi mnene mweupe umekwenda chini, umeiacha kokwa pale pale ilipo. Nikaufukia upesi, na aibu imenishika, kama niliyefungua mlango wa chumba cha mtu.

Mmoja ulioza. Wa pili uliota, ukafika urefu wa kalamu, kisha mwezi wa sita upepo wa moto ukaupitia na kuukausha mchana mmoja tu. Nilipouacha asubuhi ulikuwa mzima. Watatu ndio uliobaki. Niliuhamishia upande wa kaskazini wa nyumba, baina ya ukuta na dirisha la jiko, mahali ambapo jua hufika kwa saa mbili tu.

Anayeishi Muscat anajua kwamba wakati wa kiangazi maji ya bomba hayafai kumwagia kitu chenye uhai. Tangi liko juu ya paa, na maji hutoka yanaunguza. Kwa hiyo nilikinga maji ya kiyoyozi. Niliweka ndoo chini ya bomba lake, na kila nikirudi kazini nilikuta imejaa maji safi, yaliyopoa. Mti ulinywa hayo. Nililikata shuka kuukuu la Baba nikalitundika kama pazia kuzuia upepo. Hata hivyo kila mwezi wa nane majani yake yaliungua ncha, yakajikunja, yakaanguka yote, ukabaki mti mkavu kama fimbo iliyosimikwa. Mwaka wa kwanza nilidhani umekufa. Ndugu yangu akanambia kwenye simu kwamba hata kule kwao hufanya hivyo ukichoshwa na joto. Nisiutupe, niendelee kuumwagia kidogo kidogo. Mwezi wa kwanza ukatoa machipukizi, na kila jani likatoka limekunjana, likajikunjua vidole vitano.

Mama alikuwa akikaa dirishani jikoni akiutazama. Alizaliwa Unguja, akaja Oman na dada yetu mkubwa mkononi na mimi tumboni, na katika maisha yake yote ya hapa hakuwahi kusifu mmea wa nchi hii. Mitende aliiona mikali, ina miiba. Lakini mti huu aliupenda. "Majani yake mapana," alikuwa akisema. "Unakaa kama mti wa kwetu." Aliuita mti wa mwanawe.

Ilikuwa miaka hiyo hiyo alipoanza kupoteza vitu. Kwanza miwani na funguo, kama watu wote. Halafu akaanza kupoteza siku. Akaamka Jumanne akajitayarisha kwa Ijumaa, akakaa na buibui lake kusubiri kuchukuliwa. Akaniuliza kama Baba karudi kutoka sokoni. Daktari alimpa dawa, na zile dawa zikamharibu ulimi; kila chakula alikiona hakina ladha, akawa anajaza chumvi mpaka nikaificha. Mfanyakazi wetu, mama mmoja mtu mzima kutoka Tanga, alikuwa akishinda naye mimi nikiwa kazini. Alikuwa mvumilivu kuliko mimi. Mimi nilikuwa namjibu Mama mara ya tatu kwa sauti ambayo sikuipenda kuisikia.

Mwaka wa tatu, mwezi wa tatu, mti ukatoa maua. Yalisimama wima kichwani mwa tawi, mekundu, membamba kama mirija, na chozi mmoja mweusi, yule ndege mdogo, akawa anakuja kila asubuhi kutia mdomo ndani yake. Nilimtoa Mama uani na kiti chake. Tulimpigia ndugu yangu kwa video nikamwonyesha. Huko kwake alikuwa bado yumo kitandani, amevimba macho.

"Mwanangu," Mama alimwambia, "mti wako umetoa maua. Baba yako kauona."

Hakuna aliyemsahihisha. Ndugu yangu alisema, "Alhamdulillahi, Mama."

Nilitaka mti wa pili. Hilo ndilo nililolitaka mimi, hakuna aliyenituma. Niliona pembe ya ule ukuta ina nafasi, na nikawaza miwili itakaa vizuri. Ndugu yangu alipokuja mwezi wa kumi kumwona Mama, aliniletea kokwa sita katika kifuko cha plastiki chenye mchanga wenye unyevu. Alisema joto la Muscat halijapoa, afadhali zikae kwenye baridi mwezi mmoja hivi, zisikauke, kisha nizipande. Nilichukua kopo tupu la halwa, nikazitia pamoja na mchanga wake, nikaliweka kwenye friji, rafu ya chini, nyuma ya mboga. Sikuandika kitu juu yake. Ndani ya nyumba ile tulikuwa watu watatu tu, na nilijua mimi ni nini kilichomo.

Mwezi uliofuata mfanyakazi wetu akapata habari kwamba mama yake mgonjwa, akaomba kwenda kwao. Sikuweza kumkatalia. Nilipanga na jirani, mke wa mtu mmoja wa Nizwa, awe anampitia Mama saa tano na tena baada ya adhuhuri. Nilifunga gesi chini kwenye mtungi kabla ya kutoka, kila siku. Siku ile niliisahau. Nilikuwa nimechelewa, nilikuwa na kikao, na nilikumbuka nikiwa barabarani karibu na mzunguko. Nikajiambia jirani atapita.

Jirani alipita saa tano. Alimkuta Mama kakaa jikoni ametulia, akamuuliza hali, Mama akamjibu kwa Kiarabu kizuri kwamba hajambo. Akaondoka, na baada ya adhuhuri hakurudi tena.

Nilipofungua mlango saa tisa nilisikia harufu ya kitu kilichochemshwa, harufu ya udongo kidogo, kama viazi. Mama alikuwa mezani. Mbele yake palikuwa na sahani yenye maganda ya kahawia, na pembeni kisahani kimefunikwa na kawa.

"Umerudi?" alisema. Alikuwa na furaha. Sijui niseme vipi, lakini ilikuwa miezi sijamwona na uso ule. "Nimekuwekea zako. Nimekuta kokwa za fenesi humo ndani, mkaziacha bure. Nimezichemsha."

Nilifunua kile kisahani. Zilikuwa mbili, zimemenywa, nyeupe manjano, kavu. Juu yake kamwagia chumvi.

"Mama, umekula ngapi?"

"Hata sikuhisabu. Kaa ule."

"Mama, umekula ngapi?"

"Unanipigia kelele ya nini? Zangu nimekula. Hizo zako."

Kama zilikuwa sita na mbili zimebaki, basi alikuwa amekula nne. Nilitia kidole changu kinywani mwake kama afanywavyo mtoto, naye akaniuma. Hapo ndipo uso ule ulipoondoka. Alinitazama kama mtu asiyenijua, akaanza kulia, na huku analia akaanza kutapika.

Hospitali iko mwendo wa dakika kumi. Nilimlaza kiti cha nyuma, nikaendesha nikimsikia nyuma yangu. Pale dharura daktari kijana aliniuliza kwa Kiarabu amekula nini. Nikamwambia mbegu. Mbegu za nini? Sikulijua jina lake kwa Kiarabu, na kwa Kiswahili hakuna. Nilimwambia jicho la paa. Akanitazama, kisha akamtazama muuguzi. Ilibidi nimpigie ndugu yangu, kwake alfajiri, nikampa daktari simu waongee kwa Kiingereza. Niliisikia sauti ya ndugu yangu ikitoka kwenye ile simu, inapanda, kisha inakatika.

Siku mbili za kwanza alitapika na kuharisha mpaka hakubaki na kitu cha kutoa. Mikono yake ikatetemeka. Alishindwa kusimama, alishindwa kushika kikombe. Walimtia maji ya mshipa, lakini mwili wa mtu wa miaka themanini ukikauka namna ile, daktari alinieleza, figo ndizo zinazolipa. Ilipofika siku ya tano sumu imetoka. Figo zikabaki zimelegea.

Dada yetu mkubwa alifika kutoka Qurayyat siku ile ile ya kwanza, jioni. Yeye ndiye mzaliwa wa kwanza, ameolewa huko, ana wajukuu. Alisimama mlangoni pa chumba cha hospitali na furushi la nguo za Mama mkononi.

"Umeweka sumu kwenye friji," alisema. Hakuuliza.

"Zilikuwa mbegu za kupanda."

"Kwenye friji. Na mama yetu hajui leo siku gani."

"Nnajua, Dada."

"Kwenye kopo la halwa."

Sijui nani alimwambia habari ya kopo. Labda ni mimi mwenyewe kwenye simu. Hakusema zaidi ya hayo mbele ya Mama, na ingekuwa afadhali angesema.

Tulimrudisha nyumbani baada ya wiki tatu. Hakuwa tena mtu wa kutembea. Mfanyakazi wetu alirudi kutoka Tanga, tukawa tunamgeuza pamoja, tunamwosha, tunamlisha kwa kijiko. Dada yangu alikuja kila mwisho wa wiki akakaa naye, nami nikaingia jikoni ili tusikae chumba kimoja. Kokwa zile mbili zilizobaki niliziponda kwa mchi nikazitupa. Mchi nao nikautupa.

Mti ulikuwa pale pale. Mwezi wa kwanza ukachipua kama kawaida. Sikuumwagia maji kwa makusudi, na mvua ya siku mbili ikaja ikaumwagia. Mwezi wa tatu ukatoa maua, mengi kuliko ya mwaka uliopita. Mfanyakazi wetu alimtoa Mama uani na kiti cha magurudumu siku moja nikiwa kazini, bila kuniuliza, kwa sababu Mama aliyaona dirishani akayataka. Nikawakuta hapo.

"Mti huu nani kaupanda?" Mama aliniuliza.

"Mimi. Mbegu kaleta mwanao."

"Mwanangu yupi?"

"Aliyeko Marekani."

Akafurahi. Kesho yake akaniuliza tena, na keshokutwa. Kila mara nilimjibu maneno yale yale, na kila mara akafurahi upya, nami nikasimama nimeshika mpini wa kiti nikiutazama ule mti na chuki ambayo sijawahi kuwa nayo juu ya mtu. Lakini nikarudi kuumwagia maji. Nisingemfanya akae mbele ya mti uliokufa. Alikuwa hakumbuki kwamba aliugua kwa ajili yake, na hakuna mmoja wetu aliyemwambia.

Alifariki mwezi wa sita, mchana, kwa homa ya mapafu. Alikuwa amelala, mfanyakazi wetu anamsomea, mimi nimemshika mguu. Karatasi ya hospitali iliandikwa mapafu. Nilimuuliza daktari, yule yule tuliyekuwa tukimwona tangu mwanzo, kama ni zile mbegu. Alifikiri kwanza kabla ya kujibu, na mimi namshukuru kwa hilo.

"Alikuwa mtu mzima sana," alisema. "Figo zilidhoofika, na mtu akilala muda mrefu mapafu hujaa. Siwezi kukwambia ndiyo, na siwezi kukwambia hapana."

Tulimzika siku ile ile, baada ya alasiri. Ndugu yangu alifika keshokutwa yake. Hata yeye hakulalamika. Alikuwa amekwisha kuzoea kuzikiwa wazee wake akiwa angani.

Siku ya tatu ya msiba, wanawake walikuwa sebuleni na wanaume wako kwenye majlisi, ukumbi wa wageni, kwa jirani. Ndugu yangu alikuja uani nilipokuwa naanika vitambaa. Mti ulikuwa umeanza kuungua majani. Alisimama mbele yake, mikono nyuma.

"Dada yangu, nataka kukwambia kitu," aliniambia. "Nimekaa nacho tangu siku ile uliyonipigia kutoka hospitali."

Nikaendelea kuanika.

"Mama alinipigia. Kama siku mbili kabla, au tatu. Unajua alivyokuwa akibonyeza picha yangu. Nilikuwa kazini, nina watu mbele yangu. Akaniuliza umekula, nikasema nimekula. Akaniuliza watoto, nikasema wazima. Akauliza tena umekula. Kisha akaniuliza zile kokwa ulizoleta, zaliwa?"

Nilikuwa nimeshika kitambaa, kimenidondoshea maji miguuni.

"Ukamjibuje?"

"Nilikuwa simsikilizi. Nilikuwa nasema ndiyo, Mama, ndiyo, ndiyo. Kila alichouliza, ndiyo. Nikamwambia nna kazi, nitakupigia Ijumaa."

Nitasema kweli hapa, maana sioni faida ya kuandika haya nikificha. Jambo la kwanza nililolihisi lilikuwa nafuu. Ilipita mwilini mwangu kama maji baridi. Miezi saba nilikuwa nimebeba lile kopo peke yangu, na sasa palikuwa na mtu mwingine wa kushika upande wa pili. Halafu nikamtazama. Nywele zake zimeingia mvi nisizozijua, kanzu ya Baba imemning'inia mabegani, na alikuwa ananisubiri nimhukumu.

"Umemwambia nani?" nilimuuliza.

"Hakuna. Hata mke wangu."

"Basi usimwambie mtu. Usimwambie Dada."

"Lakini yeye anakulaumu wewe."

"Nnajua. Wewe unarudi kule peke yako. Mimi niko hapa, nitazoea."

Alijifuta uso kwa kitambaa nilichokuwa nimekianika. Nimejiuliza mara nyingi kama nilisema vile kwa kumwonea huruma au kwa kujiona mwema mbele yake. Sijapata jibu. Nilipokuwa nasema niliamini ni huruma.

Jioni ile Dada alisema mbele yetu wote wawili kwamba mti uondoke. Wajukuu zake watakuwa wanakuja nyumba hii, na yeye hatakaa ameshika roho. Hakuna aliyembishia. Asubuhi ndugu yangu aliazima msumeno kwa jirani. Shina lilikuwa jembamba kama mkono wa mtoto, lilikatika kwa dakika moja. Kazi ilikuwa kwenye kile chungu. Tulipojaribu kukisogeza hakikusogea. Tukakivunja kwa nyundo, tukakuta mzizi umetokea tunduni chini, umepita baina ya vigae viwili na kuingia ardhini. Miaka yote ile nilikuwa nikiwaza kwamba nautunza mti wa chunguni. Ndugu yangu alipiga magoti akaukata mzizi pale ulipozama, akijaribu kuuchimbua kwa bisibisi, jasho linamtiririka, mpaka nikamwambia basi. Dada alitoka jikoni na birika la maji yaliyochemka, akayamimina polepole kwenye lile pengo la vigae. Mvuke ukapanda. Alipomaliza alibaki amesimama na birika tupu, ameliinamisha bado, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya hospitali nikakumbuka kwamba na yeye alikuwa amefiwa na mama.

Matawi tuliyatia kwenye mfuko wa taka, tukayapeleka mimi na ndugu yangu kwenye pipa la baladia, yaani manispaa, mwisho wa mtaa. Joto lilikuwa limekwisha kukaza. Aliuweka mfuko ndani kwa mikono miwili, hakuurusha. Siku nne baadaye nilimpeleka uwanja wa ndege.

Mfanyakazi wetu alirudi kwao moja kwa moja mwaka huo, maana hapakuwa tena na mtu wa kumtunza. Mimi naendelea na kazi. Uani sijapanda kitu.

Dada yangu huja. Sitaki mtu afikiri kwamba alinitupa. Si mtu wa namna hiyo. Sikukuu zote mbili huja kutoka Qurayyat na mumewe, wanawe na wajukuu, nyumba ikajaa, watoto wakakimbia juu ya vile vigae. Mwaka wa kwanza baada ya msiba niliamka mapema siku ya Idi nikapika wali wa nazi, kuku wa kupaka, na mandazi ya iliki, kama alivyokuwa akipika Mama. Gari lao lilipofika, wanawe walishuka na masufuria yaliyofungwa kwa vitambaa, na madele ya chai, na hata sahani. Waliyaweka kwenye meza, kando ya vyakula vyangu.

"Nimeona nikupunguzie kazi," Dada alisema.

Watoto walipakuliwa kutoka masufuria yale. Mjukuu mmoja wa kike, wa miaka minne hivi, alinyoosha mkono kwenye sahani yangu ya mandazi, na mama yake akaushika mkono ule taratibu, akaurudisha, huku anaongea na mtu mwingine. Nilikaa nikala wali wangu. Dada alikaa kando yangu, akaniuliza habari za kazini, nikamjibu. Ndugu yangu alipopiga simu kuwapa watu mkono wa Idi, ilizungushwa kutoka mtu kwa mtu, na Dada alipoipokea alimwambia kwa sauti ya upole kabisa ajitunze, asijifanye mnyonge, kwani yeye hana kosa lolote katika yote yaliyotokea.

Sikusikia alivyomjibu. Dada akanipa simu, na nilipoiweka sikioni ndugu yangu alikuwa amekwisha kukata.

Huu ni mwaka wa tatu wanakuja na chakula chao. Mwaka huu mimi nimechemsha chai tu.